Mfuko wa Chini ya Kabati

Kabla hajafungua kabati la mtu aliomba maji ya kunawa. Alinawa polepole mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa kitambaa alichokuja nacho, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kulitazama kabati likiwa bado limefungwa. Wenye nyumba walidhani anapumzika. Alikuwa anawapa nafasi ya kuona haya kidogo, haya ipite, ndipo kazi ianze.

Mtaani kwetu Saio, mjini Bunia, tulimwita Monitrice. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha wasichana kushona na kutunza nyumba katika foyer, kituo cha mafunzo cha parokia, na huko mwalimu wa kike ndivyo anavyoitwa. Baadaye foyer ilifungwa, mashine za kushonea zikatawanyika, jina likabaki naye. Hata wale ambao hawakuwahi kukaa darasani mwake walimwita hivyo, kwa sauti ile ile ya mwanafunzi aliyechelewa.

Kupanga makabati ni kazi aliyojipa mwenyewe uzeeni. Ilianza kwa mwanafunzi wake wa zamani kulalamika kwamba hana pa kuweka nguo za mtoto mchanga, naye akaenda kutazama. Wengine wakasikia. Mjini kwetu vyumba ni vidogo, na kabati mara nyingi ni pengo tu ukutani, limezibwa kwa pazia. Lakini humo hukaa nguo za ukoo mzima. Dada aliyekwenda kusoma Kisangani ameacha zake, kaka aliyekwenda kutafuta dhahabu ameacha zake, shemeji aliyepita siku moja tu amesahau koti lake na hajarudi. Kabati linajaa, wenye nyumba wananing'iniza nguo zao wenyewe kwenye misumari.

Yeye alitoa kila kitu. Hakukubali mtu achague nguo zikiwa bado ndani. Zote zilikwenda kitandani, lundo moja, hata zile za aibu, na kabati likapanguswa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, likaachwa wazi lipate hewa. Ndipo alipoanza kunyanyua nguo moja moja na kuuliza swali lake.

"Iyi inangojea nani?"

Hakumwuliza mtu kama anaipenda nguo, wala kama ilikuwa ghali. Nguo inayomngojea mtu anayejulikana ilirudi kabatini. Iliyokosa mtu ilikwenda pembeni.

Kulikuwa na baba mmoja wa mtaa wa Bigo, mnene, mcheshi, aliyetetea suti ya kijivu kwa nguvu zake zote. Alisema inamngojea yeye. Monitrice akaipima suti kwa macho, kisha akampima yeye.

"Weye wa leo, ama weye wa zamani?"

Mke wa yule baba alilazimika kutoka nje ili acheke vizuri. Suti ilirudi kabatini siku ile, kwa maana Monitrice hakumnyang'anya mtu kitu. Lakini haikupita wiki, baba akaileta mwenyewe mpaka mlangoni kwake, imekunjwa ndani ya gazeti, akasema kwamba weye wa zamani amepiga simu, amesema hatarudi.

Hakukunja nguo na kuzilaza moja juu ya nyingine. Alizikunja ndogo, kisha akazisimamisha kwa mstari, kila moja ikionyesha mgongo wake. Nilikuwa msichana nilipomwona akifanya hivyo kwetu kwa mara ya kwanza, nikamwambia kwamba zinafanana na vitabu kwenye rafu. Nilitaka anisifu. Alifikiri kwanza, mikono ikiwa juu ya gauni la mama yangu.

"Kitabu kinaweza kungojea," alisema. "Nguo ya mutoto haiwezi."

Alikuwa na sheria ambazo hakuwahi kuzieleza, ulizijua tu kwa kumfuata. Alipoitwa kupanga nguo za marehemu, alikwenda, akasalimia, akanywa chai, akasikiliza, na mara nyingi akarudi nyumbani bila kugusa kitu. Niliwahi kumsindikiza mtaa wa Rwambuzi kwenye nyumba kama hiyo, nikamwuliza njiani kwa nini tumerudi mikono mitupu. Alinijibu kwamba watu wale bado hawajacheka. Alirudi siku nyingine, akakuta wanabishana kuhusu kofia ya marehemu, iliyokuwa mbaya sana na ambayo marehemu aliipenda kupita kiasi, na wanacheka mpaka machozi. Siku hiyo akaomba maji ya kunawa.

Hakuwa mtu mnyoofu katika yote. Aliwaambia wanawake waachane na vitu visivyo na kazi, naye alikuwa na mitungi ya vifungo dirishani, vifungo visivyofanana hata viwili, na ole wako ukivigusa. Alidharau mitindo, lakini alipanda kilima chenye matope akiwa na viatu vya kisigino. Alipenda kusema kwamba hana haraka, na wakati huo huo sindano yenye uzi ilikaa daima chini ya kola yake, imechomekwa, tayari, kana kwamba wakati wowote mtu angepasuka mbele yake.

Kitu kilichompa taabu zaidi makabatini ni vikwembe vya uniforme, vile vitenge vya sare. Mwanamke wa Bunia anaweza kukosa shuka, lakini atakuwa na vikwembe vya arusi ya mtoto wa mjomba, vya matanga ya mama mkwe, vya kwaya, vya sikukuu ya wanawake ya mwezi wa tatu, vya kila mwaka rangi yake. Vinavaliwa siku moja, watu wanapiga picha, vinalala kabatini miaka. Kuvitoa ni kama kukana undugu. Monitrice alimshawishi mama mmoja aliyeozesha binti yake atoe vikwembe vya arusi vilivyobaki, navyo vikapelekwa kwa wanawake waliokimbia vita Djugu na kukaa kwenye site, kambi ya wakimbizi, chini ya maturubai.

Kosa lilitokea sokoni. Shangazi wa bwana arusi alimwona bibi mmoja mzee amevaa kikwembe cha arusi yao, kile chenye ndege wa kijani. Kwa macho ya mtu wa kwetu hilo linatosha kumfanya ndugu. Shangazi alimkimbilia, akamkumbatia, akamlaumu kwa kupita mjini bila kufika nyumbani, akambebea kikapu chake na kumpeleka mpaka kwake. Bibi alidhani ndivyo watu wa mjini wanavyosalimia. Alipewa bugali, sombe na samaki. Walipoanza kuulizana kuhusu wajukuu, ndipo ilipoonekana kwamba hakuna anayemjua mwenzake.

Tulimpelekea Monitrice habari hiyo tukitegemea aone haya. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza kama yule bibi alimaliza chakula chake. Tulisema alimaliza, na kwamba shangazi alimfungia kingine cha kwenda nacho. Tangu siku hiyo hakuruhusu mtu kukata kikwembe cha uniforme kukifanya nepi au kitambaa cha kufutia meza. Alisema kikwembe kizima kinaita watu.

Lakini sijafika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe lilikaa chini.

Alipomaliza kupanga kabati lolote, sehemu ya chini kabisa, karibu na mlango, aliiacha tupu. Hapo ni pa mfuko. Mtu wa Bunia haulizi mfuko gani. Ni ule wa kukimbia: nguo moja moja ya kila mtu wa nyumba, blanketi, sabuni, karatasi za shule, kitambaa cha kumfunga mtoto mgongoni. Wengine wanaupanga kwa siri, wakiona haya kana kwamba wanaita balaa. Yeye aliupanga mchana, pazia likiwa wazi, akizungumza juu ya bei ya maharagwe. Akishaufunga aliunyanyua kwa mkono wa kushoto, daima wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia utakuwa umemshika mtoto. Ukimvuta bega, aliufungua na kutoa kitu. Alipouweka mahali pake aliunyanyua tena mara moja, kama mtu anayeonja chumvi. Na kila Pasaka na kila Noeli alipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu waufungue, maana watoto wanakua na mfuko haukui.

Alikuwa na sababu. Miaka ya vita, asubuhi moja ambayo mtaa mzima uliondoka kwa mguu, alivuta mfuko kutoka chini ya kabati lake na kukimbia nao. Mumewe alibeba mtoto mmoja, yeye akamshika mwingine. Walipopumzika kwa mara ya kwanza kando ya njia, aliufungua mfuko ili amfunike mtoto, akakuta mikono ya mashati. Mikono tu, bila mashati. Na kola, na mifuko ya suruali, na vitundu vya vifungo vilivyoshonwa kwenye vipande vya kitambaa. Ilikuwa kazi ya mtihani ya wasichana wa mwaka wa kwanza. Mifuko yote miwili, wa kukimbia na wa shule, ilikuwa ya kitambaa kimoja, ameishona mwenyewe, na mkono wake ulikuwa umechagua vibaya.

Aliwahi kunisimulia hayo akichambua mchele, bila kuinua kichwa. Wanawake waliokuwa naye njiani walitazama ile mikono isiyo na watu, mmoja akaanza kulia, mwingine akaanza kucheka, na kicheko kikashinda. Monitrice alichomoa sindano chini ya kola. Aliunganisha kola na mikono, mikono na mifuko, na watoto kadhaa walivuka msitu wakiwa wamevaa mashati ya ajabu, moja lina kola mbili, jingine lina mifuko mgongoni. Mmoja wa watoto hao leo ni fundi wa pikipiki karibu na soko. Ukimwuliza, atakuambia kwamba katika mifuko ile ya mgongoni mamaye alikuwa anaficha karanga, wenzake wakazichomoa, ndiyo maana hakuwahi kubaki nyuma: alimfuata kila aliyemwona anatafuna.

Waliporudi Bunia, Monitrice aliukuta mfuko wa kukimbia bado chini ya kabati, akaufunga mdomo kwa fundo kubwa, ili mkono uujue bila macho.

Kabati lake mwenyewe halikufunguliwa na mtu. Lilikuwa dogo, la ukutani, lenye pazia la maua yaliyofifia. Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa miti midogo tu, nami niliingia na kutoka kwake kama kuku wa jirani, kwa hiyo niliona mara moja moja, pazia likipigwa na upepo, lile fundo kule chini. Lilikuwa na vumbi. Nililitazama vumbi hilo kwa miaka na sikuthubutu kuuliza. Mumewe alikwisha kufariki, watoto wake ni watu wazima huko Kisangani na Kampala, naye aliendelea kupita mtaani kila Pasaka akiwakumbusha wengine.

Kisha akaja Solange, binti wa mdogo wake, kutoka Djugu. Alikuja na watoto wake wawili na nguo walizovaa. Monitrice aliwapa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka, hakutaka mabishano. Aliwatafutia nguo katika nyumba alizokuwa amezipanga, na mtaa ulitoa kwa moyo. Lakini nguo hizo zilining'inia kwenye misumari. Yeye aliyewapatia watu wote nafasi hakuvuta pazia la kabati lake kumpa mpwa wake rafu moja. Mgeni haulizi mambo kama hayo, hata kwa mama yake mkubwa.

Siku moja uvumi wa mashambulizi ulishuka kutoka njia ya kaskazini. Hakuna aliyejua umeanzia wapi. Maduka yalifungwa, pikipiki zikawa nyingi barabarani, kila nyumba ikaanza kufunga mizigo. Solange alivuta nguo za watoto kwenye misumari, akazitupa ndani ya shuka, akafunga. Alipogeuka alimkuta mama yake mkubwa amekaa uani anamenya maharagwe, wala hajasimama.

"Mwende na batoto," alimwambia. "Miye nabaki na nyumba."

Kabla ya jioni uvumi ulikwisha, watu wakafungua mizigo na kutaniana kuhusu vitu walivyobeba: mmoja alikuwa ametoka na sufuria yenye wali wa moto. Lakini yale maneno ya uani hayakufunguliwa. Solange alinieleza tulipokuwa tunangoja maji kwenye bomba, siku niliyokuja nyumbani kusalimia. Alisema siku hiyo alisimama katikati ya ua, shuka begani, watoto wakimvuta sketi, na hakuweza kwenda wala kubaki. Alijua siku nyingine uvumi unaweza kuwa kweli. Akiondoka, amemwacha aliyempokea. Akibaki, amewaweka watoto hatarini.

"Nitamubeba namna gani mutu mwenye hataki kubebwa?" aliniuliza.

Nilikuwa nimehamia chumba cha kupanga huko Bigo wakati huo, na kabati langu dogo alikuwa amelipanga Monitrice. Kila asubuhi nilipochukua blauzi nilikumbuka swali la Solange.

Mara ya mwisho nilipokaa kwa Monitrice kwa muda mrefu ilikuwa Jumamosi, mvua za asubuhi zimepita na barabara ya Saio inang'aa wekundu. Nilimkuta kwenye ukingo wa kitanda, mikono imeshanawa, macho kwenye pazia la maua. Solange alisimama mlangoni, watoto wako nyuma yake. Monitrice aliniambia ninawe. Magoti yake hayakunjiki tena vizuri, alisema, na kuna kitu chini hawezi kukifikia.

Tulitoa vyote. Vilikuwa vichache kuliko nilivyofikiri: magauni ya kanisani, sweta, vikwembe vilivyokunjwa na kusimamishwa kwa mstari. Alijiuliza mwenyewe swali lake na kujijibu haraka haraka, kama anayesoma tarakimu. Mwisho Solange alipiga magoti, akavuta mfuko, na vumbi likaruka mpaka dirishani, kwenye mitungi ya vifungo.

Monitrice alifungua fundo mwenyewe. Ilichukua muda. Ndani mlikuwa na suruali ya mwanamume, gauni dogo la njano, kaptula ya mvulana, blanketi, na sabuni iliyokuwa ngumu kama jiwe. Ni familia nzima ya miaka ile, yeye tu hayumo, imekunjwa vizuri, inangoja kuondoka. Hakuwahi kuubadilisha hata mara moja. Yeye aliyewagombeza watu Pasaka na Noeli angekimbia na nguo za watu wasiokuwepo.

Solange alishika lile gauni la njano. Aliuliza kwa upole, bila mzaha wowote.

"Mama mukubwa, iyi inangojea nani?"

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki bila sababu. Monitrice alilichukua gauni, akalinusa, akalitandaza juu ya mapaja yake na kupapasa upindo kwa kidole gumba.

"Batoto yangu," alisema. "Benye walikuwa wadogo."

Kisha akamwita Grâce, binti wa Solange, akampima gauni mgongoni. Lilikuwa fupi kidogo. Alichomoa sindano chini ya kola, akafumua upindo aliokuwa ameuacha mrefu zamani ili mtoto aendelee kukua, akaushona upya mtoto akiwa amelivaa, amesimama kimya kama mti. Kaptula ilimtosha kaka yake. Suruali ya mumewe aliishika muda mrefu kuliko vyote, akaikunja upya, akaiweka pembeni, upande wa vitu vinavyoondoka. Nikageuza uso.

Rafu zilipanguswa. Nguo za watoto zilishuka kutoka kwenye misumari, zikasimamishwa kwa mstari, nusu ya kabati ikawa yao. Halafu akapanga mfuko mpya: nguo ya Solange, za watoto, blanketi lililopigwa jua, kitambaa cha mgongoni, sabuni nyingine. Akaufunga fundo, akaunyanyua kwa mkono wa kushoto, akaridhika.

"Na yako?" aliuliza Solange.

"Mufuko iko ya benye watakimbia."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kisha akatoka nje, taratibu, kumwaga maji ya kunawia. Solange alinitazama. Alichukua gauni la bluu lenye kola nyeupe, lile la kanisani, akalisokota haraka, akafungua fundo, akalisukuma ndani kando ya blanketi na kufunga tena. Fundo lilitoka limepinda.

Monitrice alirudi. Alimwonyesha Solange aweke mfuko mahali pake, kisha akabadili nia, akauchukua yeye, akaunyanyua ule unyanyuaji wa pili. Mkono ulisimama hewani. Hakuhitaji kutazama fundo, lakini alilitazama. Akatazama rafu ya magauni, mahali palipokuwa wazi. Watoto walikuwa wameacha kucheza. Solange alikuwa anatazama chini, meno yamebana mdomo, kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba hataomba radhi.

Alikaa kitandani na kufungua fundo. Akatoa gauni la bluu, akalitikisa, akalisema lile gauni kana kwamba ndilo lenye kosa: nani amelisokota hivi, kola itakuwaje. Alililaza mapajani, akalikunja vizuri, dogo kabisa, mpaka likalingana na kiganja chake. Kisha akalirudisha mfukoni.

Akaunyanyua. Ulikuwa bado mzito. Akatoa sabuni, akaiweka dirishani karibu na vifungo.

"Sabuni tutaomba njiani," alisema.

Akafunga fundo, akasimama kwa shida, mfuko mkono wa kushoto. Akaupima. Mkono wa kulia akaunyosha pembeni, wazi, kama alivyotufundisha sote, na Grâce, mwenye gauni la njano, akaenda akaushika.